Haat ya Akina Dhapubai

Jumatatu, 2 Februari

Rukma wangu anatakiwa! Dhapubai wa upande wa Mandsaur amepiga simu mwenyewe: wanakuja kumwona binti, wamposee mwanawe Dashrath, mwenye duka la mbolea. Mimi huyu Sajjanbai, darasa la tano, nimezaa lulu!

Kasoro moja tu. Watu wa kule kila s wanaigeuza h. Simu nzima ameniita "Hajjanbai", utadhani nimetoka Makka juzi. Nikavumilia. Nikamuuliza mnakuja lini. Akasema haat. Basi, ni siku ya haat, soko letu la Jumapili, wauza bangili hadi njiani. Baba Rukma akasema nipige tena nihakikishe. Nikamwambia sisi wa Ujjain ndio wenye Kimalvi chenyewe, hicho cha kwao kitanishinda?

Jumatano, 4 Februari

Mpango: wageni wakiingia, humu ndani ni Kihindi tu, kile cha wasoma habari wa redio. Kimalvi marufuku! Baba Rukma amefanya mazoezi ya kukaribisha wageni hadi nyati wetu wa maziwa akageuka kumtazama. Jirani Gendabai akachungulia ukutani, akauliza nani kapandwa na homa. Huyo ana mpwa anayetafutiwa mume. Sikumwambia kitu. Yaani, kidogo tu. Duka la mbolea. Mtu atanyamazaje?

Jumamosi, 7 Februari

Balaa! Wamekuja leo! Mimi nimechuchumaa uani, samadi hadi viwikoni, nakandika sakafu ya kesho. Rukma kichwa kizima mafuta. Nasikia gari. Nasikia Gendabai akiwaambia karibuni kwangu, huyo bado anaoga. Amewaingiza! Mpwa anawamiminia chai!

Kihindi chote kikanitoka. Nikapanda ukuta na samadi yangu, nikamporomoshea Kimalvi cha tumboni: "Gendabai! Kupe wewe, mwizi wa wageni! Rudisha wakwe zangu kabla sijakukandika wewe badala ya sakafu!"

Halafu Dhapubai akacheka hadi chai ikamtoka puani. Akasema mle ndani wamesemeshwa Kihindi kama wako benki, hata kujikuna wameogopa. "Hajjanbai, teremka, dada yangu. Na wewe tutaongea." Wakahamia kwetu wote! Bafla, yale madonge yetu ya ngano, wamekula zikielea kwenye samli. Rukma wamempenda, mafuta yake kichwani.

Kumbe haat ilikuwa saba! Sisi saba ni saat, wao ni haat. Tarehe saba. Baba Rukma amenisogezea simu tu. Afadhali angenigombeza.

Jumanne, 10 Februari

Dhapubai kapiga. Uchumba ni mwezi wa tatu, sikukuu ya Holi ikishapita. Kasema watakuja haat, siku ambayo wauza bangili wamejaa njiani, wamchagulie binti palepale. Baba Rukma akauliza haat ipi hiyo, tupige tena? Nilicheka! Mtu nimeshakijua Kimalvi chao, nikaulize nini? Bangili siku hizi zinauzwa hata kituo cha basi.

Nimealika ukoo mzima, na Gendabai pia, aje aone wenye bahati. Nyati nitamfunga utepe. Nimewaambia wote, asichelewe mtu: Jumamosi, tarehe saba Machi.