Dada wa Mume Kabatini

Jumanne, 6 Machi 2007
Ameir katumbukiza simu ya baba yake kwenye uji sasa hivi. Mume wangu Marijani kaiopoa, kaifuta kwa shati nililompigia pasi. Mtoto kaungua kidole, hata hakumtazama. Nimekipuliza mimi. Simu gani inapendwa hivyo? Anayempigia ni Edina tu, yule mwanafunzi anayemtafsiria Kichina kwenye maduka ya nguo ya Zhanqian, huku kwa Wachina. Humwita laoban, bosi, huku anacheka. Rafiki yangu Kazija wa ghorofa ya juu naye anasema ni Edina. Kazija hanifichi kitu.

Alhamisi, 8 Machi
Nimenunua filamu ya Kimisri nje ya msikiti. Ya kuchekesha: mume anahutubu redioni kuhusu ndoa njema, kumbe ana hawara. Mpango wangu: niwaalike wote, nisitazame filamu, nitazame nyuso. Kiarabu atatutafsiria Kazija, alikisoma kwao Unguja. Nilipomwambia, akasema sawa.

Jumamosi, 10 Machi
Sambusa ziliungua. Filamu ikaenda vizuri mpaka mwanamke mmoja akaingia chumbani kwa mume, mke akabisha hodi, yule akajificha kabatini. Kazija akasema huyo dada wa mume, kaja kuazima nguo, anamwogopa wifi yake. Nikamhurumia. Edina anasoma yale maandishi ya Kichina chini ya picha. Alicheka akashika mbavu. Dada gani huyo, Mama Ameir, mbona hapa wameandika rafiki wa mke? Kazija akamwambia Wachina hawajui Kiarabu. Marijani akapaliwa na chai, akatoka kupunga hewa, hakurudi mpaka filamu ikaisha.

Wakati wa kuondoka Edina alinishika mkono, akasema nitafute mtu mwingine wa kunitafsiria. Anataka kunigombanisha na Kazija. Basi, uso nimeuona. Aliyecheka ndiye.

Jumatatu, 12 Machi
Edina nimemkataza kukanyaga kwangu. Marijani naye anataka nirudi Tanga na mtoto, eti unyevu huu utamdhuru kifua. Kuta zinatoka jasho kweli. Lakini nikiondoka, Ameir atamjua baba yake kwa picha. Nimelia, kisha nimepata mpango bora. Leo Marijani anakwenda Xintang kwenye viwanda vya jinzi, atalala huko. Nimemwomba Kazija afuatane naye, amchunge. Alikataa mara moja tu, ana huruma sana. Nimempa kanga yangu mpya na udi kidogo. Nimemwambia asibanduke kwake hata akila, na akirudi anieleze kila…

Kazija ananiita mlangoni. Teksi imefika, nimshushie begi, nami nataka kumwambia Marijani kwamba amtunze Kazija kama dada yake.