Viti vya Noël

Jumatatu, 8 Septemba

Habari kubwa! Chuo kikuu kitawachukua bure watoto wachache waliofaulu examen d'État, mtihani wa kumaliza sekondari, lakini kwao hakuna uwezo. Safi wetu ameomba. Matokeo yalipotoka alikuwa amewapita wasichana wote wa shule yake, nikammwagia poda kichwani, kama desturi, mpaka akakohoa. Nusu ya kopo nimeificha nyuma ya cherehani. Ni ya siku atakapoingia chuo.

Safi ni mtoto wa marehemu kaka yangu Rachidi. Anataka udaktari, hataki kingine. Siku ya mazishi niliwaambia watu wote kwamba mtoto huyu hatapungukiwa na kitu maadamu mimi, Lukumani, ni hai. Watu wakasema amina. Mimi ni fundi wa nguo, na siku hizi cherehani inapumzika kuliko mwenyewe.

Sadrack, mtoto wa jirani yetu Noël, ameomba pia. Noël! Mtu wa ofisi ya serikali, mwenye sofa na friji! Ana uso gani?

Jumanne, 9 Septemba

Kumbe Madame Élise wa kamati ya chuo atapita nyumba kwa nyumba kuona watu wanavyoishi. Kwetu ni Alhamisi. Djamila, mama yake Safi, amesema basi aje, aone.

Aone nini? Benchi? Beseni chini ya paa linalovuja? Nimemweleza taratibu kwamba hakuna anayempa mbegu mtu asiye na shamba. Chuo kinataka watu ambao hawatakitia aibu. Djamila akajibu kwamba mficha uchi hazai, akaendelea kutwanga pondu, majani yake ya muhogo. Haelewi siasa.

Nimewaza hadi sindano ikanichoma kidole. Mtoto wa Rachidi hawezi kuonekana na wageni kama mtoto wa barabarani. Watauliza ni nani aliyeachiwa kumlea.

Jumatano, 10 Septemba

Mpango tayari. Nimemwambia Noël kwamba wakwe wa dada yangu wanakuja kesho na naona haya kuwaketisha kwenye benchi. Hakuuliza swali hata moja. Alisema ujirani ndio huo, akavua shati, tukabeba wote wawili. Sofa, meza, friji! Amebaki na mikeka. Mkewe Solange alitufuata nyuma na vitambaa vya kufunikia viti.

Kumpumbaza mtu mwema ni kazi nyepesi mno, karibu inaondoa utamu.

Nguo nayo imepatikana. Gauni la mteja wangu Joëlle halijashonwa pembeni, linashikwa na pini, lakini kwa mbele linapendeza. Safi aliligusa, akatazama sofa, akasema: "Tonton, benchi yetu iko muzuri." Nikamwambia aache maneno, ajizoeze kuketi kama mtoto wa watu.

Alhamisi, 11 Septemba

Ushindi!

Madame Élise alifika kwa pikipiki, akazama ndani ya sofa hadi magoti yakapanda juu. Friji ilisimama pembeni kwa adabu. Waya wake ulipita nyuma ya pazia na kuishia hapo hapo, maana nyumba hii haijawahi kuungwa umeme, ingawa maporomoko ya Tshopo, yanayotoa umeme wa mji, tunayasikia tukiwa kitandani. Nikamtolea maji ya friji. Akasema ni ya vuguvugu. Nikalaumu mtambo wa umeme. Kisangani nzima inaulaumu mtambo, akaamini mara moja.

Safi alikaa wima kama askari, kwa sababu ya pini. Alipoulizwa anasomea wapi jioni alifungua mdomo, nikamwahi: hapo mezani, chini ya taa. Safi akatazama sakafu. Kusema kweli husomea kibarazani pa duka la dawa, penye jenereta, amesimama, kwa sababu mwenye duka hataki watu wakae. Lakini mambo hayo ni ya nini mbele ya mgeni?

Madame Élise akainuka, akasema: "Bon, papa, asante. Hapa munaishi muzuri, tushukuru Mungu." Sifa kutoka chuo kikuu! Akauliza nyumba ya Sadrack iko wapi. Nilimsindikiza mwenyewe hadi mlangoni.

Jumamosi, 13 Septemba

Redio imesoma majina. Safi hayumo. Sadrack yumo.

Nilidhani redio imekosea. Haikukosea. Madame Élise alimkuta Solange kwenye mkeka, sebule tupu, hata meza hakuna, Noël yuko kazini. Roho ikamwuma. Solange aliona haya kusema kwamba viti vyao viko kwa jirani vinangoja wakwe. Nimeibiwa! Umaskini nilioutengeneza kwa mikono yangu ameula Noël!

Avenyu nzima ilikuwa ikishangilia. Safi akaenda nyuma ya cherehani. Kumbe alikuwa anajua nilipolificha lile kopo. Alivuka barabara, akammwagia Sadrack poda yote kichwani, akapiga makofi pamoja na wenzake. Kisha akarudi, akanawa mikono muda mrefu sana.

Hakulia. Afadhali angelia. Djamila alinipa chakula tu. Nimeumia, nasema wazi.

Jumatatu, 15 Septemba

Noël amekuja kuchukua vitu vyake. Lakini kwanza alikuwa amepita chuoni, yeye na Sadrack. Walimwambia Madame Élise kwamba sofa, meza na friji ni vyao, na kwamba nafasi ile haikuwa ya mtoto ambaye baba yake ana mshahara. Yeye atajibana, atamsomesha mwenyewe.

Madame Élise atarudi kwetu kesho. Akiona kwamba ni kweli, nafasi ni ya Safi. Akiwa na shaka bado, inakwenda kwa mtoto mwingine, na hakuna kurudi tena.

Djamila alimshika Noël mikono yote miwili. Mimi nilingoja Noël anigombeze, nilikuwa na majibu tayari. Hakunigombeza. Alisema tu: "Ndugu, kesho ukae tu." Kiburi gani hiki! Anatafuta sifa mtaani kwa mgongo wangu.

Baadaye Safi akaniketisha. Alisema kesho tukae kwenye benchi, yeye na mimi na mama yake, basi. Alisema benchi ile aliichonga baba yake. Tangu mazishi sijamsikia akimtaja Rachidi. Nikalia mbele ya mtoto, bila haya. Nikaapa kwa jina la kaka yangu kwamba hakuna kiti cha Noël kitakachoingia tena humu ndani.

Jumanne, 16 Septemba

Safi amesugua benchi kwa majivu mpaka imeng'aa. Beseni liko mahali pake chini ya paa. Amevaa sketi yake ya shule. Djamila amefagia, anaomba dua kimya kimya.

Nimeapa na sivunji kiapo. Kiti cha Noël hakitaingia.

Lakini papa René wa mtaa wa Simi-Simi si Noël. Ana kochi la ngozi. Moja tu, si seti! Mtu anaweza kuwa maskini na kochi moja, hilo hata kamati italielewa. Nimemwambia ni la mgonjwa. Mgeni mara ya pili hawezi kuketishwa kwenye ubao mtupu, atasema tumemdharau, na Safi ataponzwa na benchi. Asiyekubali kushindwa si mshindani.

Naliona linakuja! Limefungwa juu ya toleka mbili, zile baiskeli za abiria, na vijana wanasukuma jasho likiwatoka. Limeziba njia yote. Nyuma yao pikipiki inapiga honi, inataka kupita. Ni Madame Élise, amewahi.

Safi ameketi kwenye benchi, palepale mlangoni, mikono magotini. Nitamwomba asogee kidogo, kochi lipite.