Bandeji za Mzee Andendekisye

Jumatatu, 2 Julai 1956. Mlimani, juu ya Tukuyu.

Baridi kali. Ukungu umeingia mpaka ndani ya dispensari. Lakini habari ni njema. Dereva wa Bwana Daktari wa Jimbo kapita hapa, kaniambia Daktari anakuja kutoka Mbeya Jumatatu ijayo kukagua. Ipo nafasi ya kwenda Dar es Salaam kusomea uganga msaidizi. Dresa mmoja tu kutoka milima hii yote.

Huyo ni mimi. Silvester Kalinga, Mhehe wa Igowole. Nimefunga vidonda vya miguu miaka mingi mpaka navinusa ndotoni. Mganga msaidizi havai kaptula. Anavaa koti refu jeupe, anapewa nyumba ya bati, anasikiliza vifua vya watu, na vidonda anamwachia dresa. Halafu kuna baba yake Benedicta kule nyumbani. Kasema mbele za watu kwamba hamtoi bintiye kwa mfunga vidonda. Na Benedicta hatangoja mpaka nizeeke.

Aliyefikisha miaka thelathini hapokelewi. Mimi nina ishirini na tisa, kwa mujibu wa padri. Mama ana hesabu nyingine, lakini mama hakuulizwa. Ni mwaka huu au basi.

Nimemwagiza Mama Lusia, anayefagia na kuchemsha sindano, kuanzia leo aniite Daktari. Kaitika vizuri: sawa, Bwana Dresa.

Jumanne, 3 Julai.

Kaja Jailos, dresa wa dispensari ya bondeni. Mnyakyusa, mzaliwa wa huku huku, ana baiskeli yenye kengele mbili. Mbili za nini? Barabara yenyewe haina watu. Naye kasikia habari ya nafasi. Kanywa chai yangu, kala viazi vyangu, kisha kaniambia siri. Daktari huyu anatazama mambo mawili: kliniki ya kina mama iwe imejaa, na mgonjwa wa kitandani awe amefungwa bandeji safi. Mwenye hayo ndiye atakayekwenda.

Nikamuuliza mbona ananiambia. Kasema sisi ni ndugu wa kazi. Mjinga kweli. Kanipa panga mkononi, kaondoka anapiga kengele.

Tatizo ni kwamba kliniki yangu ya kina mama haina mama. Mwezi uliopita alikuja mmoja, na huyo alikuwa anatafuta mbuzi wake.

Alhamisi, 5 Julai.

Nimepata wanawake. Nilikwenda kwa Tupokigwe, mke wa mtoto mkubwa wa Mzee Andendekisye. Mzee ana watoto wa kiume wengi, na hao watoto wameoa bila huruma. Nikamwambia Tupokigwe kila atakayekuja na mtoto atapata sindano. Huku bila sindano mtu hajatibiwa. Ukimpa kidonge anakutazama kama umemtukana. Kasema watakuja wote, wakamwana wote wa boma lile.

Mgonjwa wa kitandani pia nimepata. Mzee Andendekisye mwenyewe. Ana kidonda cha mguu kizuri sana, nakifuga tangu nilipofika. Kwa sukari kidogo kakubali kulala siku nzima.

Nikamweleza Mama Lusia mpango. Akaweka ufagio chini, akakaa. Kasema huku mkwe na mkamwana hawaonani kabisa. Mwanamke akimwona baba wa mumewe njiani anajitupa migombani, na hata jina la mzee halimtoki mdomoni. Kuwaweka chumba kimoja ni kuwavua nguo wote. Mimi nikamwambia dispensari ina dawa, haina mila. Akasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nikamkumbusha kwamba hapa mkuu ni mimi.

Jumamosi, 7 Julai.

Nimelifikiria hata hivyo. Si kwa kumwogopa Lusia. Nimelifikiria kama mtaalamu.

Hawaonani? Basi hawataonana. Mzee nitamfunga bandeji uso mzima, nimwachie tundu za pua. Yeye nitamwambia sumu ya kidonda cha mguu inapanda kichwani. Wanawake nitawaambia ni msafiri kutoka Chunya, kaanguka kwenye lori. Na Daktari ataona kazi ya mikono yangu. Kwa mpigo mmoja nimetibu mila na nimepata kozi. Sijui Jailos angewaza nini hapo.

Nimejifunzia kufunga kwenye mtungi wa Mama Lusia. Umependeza mno. Lusia kauliza atachotea maji nini. Nimemwambia asiwe na akili ndogo wakati wenzake wanapanda cheo.

Jumatatu, 9 Julai.

Naandika nikiwa nimefunga mlango.

Asubuhi kila kitu kilikwenda sawasawa. Nataka hilo lijulikane. Mzee nilimfunga kabla hapajakucha, akalala usingizi mzito. Wanawake wakaja na kanga safi, Tupokigwe mbele, watoto migongoni, wakaenea ukuta mpaka ukuta. Landrova ikafika. Nyuma yake Jailos na baiskeli, eti kaja kusalimia.

Daktari akaona kina mama. Akatabasamu. Akanishika mkono, akasema hajaona kliniki kama hii tangu Mbeya. Nikaliona koti. Nikaiona nyumba ya bati. Nikamwona Benedicta mlangoni na baba yake nyuma amebeba sanduku.

Kisha akageukia kitanda, akauliza huyu ana nini. Nikasema kaanguka kwenye lori, kichwa. Akasema kichwa lazima akione mwenyewe. Nikasema hewa itamdhuru. Akasema hewa haijamdhuru mtu, akaanza kufungua.

Akafungua, akafungua. Nilikuwa nimemaliza bandeji zote za dispensari, kwa hiyo ilichukua muda. Wanawake wakasogea kumtazama msafiri wa Chunya. Mimi nikasali. Zikatoka ndevu. Ikatoka pua. Mzee akaamka, akafumbua macho, akawaona wake wa wanawe wote wamemwinamia.

Tupokigwe hakupiga kelele. Alivuta kanga kichwani akarukia nje dirishani, na wengine wakamfuata, nusu dirisha hili na nusu dirisha lile. Mmoja akapotewa na akili, akaingia chini ya kitanda kile kile. Mwingine akajifungia ndani ya Landrova. Na Mzee, ambaye alikuwa anakuja hapa kwa kubebwa, aliruka meza akapanda mlima na bandeji zikimfuata. Jailos alikuwa amewahi kumfungulia mlango. Kwa heshima zote.

Daktari akauliza nini kimetokea. Jailos akamweleza yote, mkwe na mkamwana, pole pole, kwa adabu. Akaongeza kwamba yeye kwake ameweka siku ya wanaume na siku ya wanawake. Hapo ndipo nilipojua viazi vyangu vimeliwa na nani. Aliwajua wagonjwa wangu wote ni watu wa boma moja, na alijua tangu Jumanne.

Sikunyamaza. Mimi si mtu wa kunyamaza. Nikamwambia Daktari ameuona mguu ule lakini? Umepona. Umepona mikononi mwangu, mbele ya macho yake. Daktari akaenda kumbembeleza yule wa kwenye gari.

Jumanne, 10 Julai.

Wamekuja watoto wa Mzee na fimbo. Wanataka ng'ombe wa kuondoa aibu. Nikawaambia dirishani kwamba wamdai Daktari, maana bandeji kafungua yeye, mimi nilifunga. Hawakulielewa hilo. Mama Lusia akatoka, akazungumza nao kwa Kinyakyusa, wakacheka mpaka wakaegemea fimbo, wakaenda zao. Sikuuliza kawaambia nini.

Nafasi kapewa Jailos. Kapita mchana akipiga kengele zote mbili. Basi kumbe ndiyo kazi yake.

Roho inaniuma. Naandika hapa tu. Mama Lusia kaniletea uji, kaniita Daktari kwa mara ya kwanza. Sikupenda alivyolitamka.

Jumapili, 29 Julai. Makongolosi, Chunya.

Nimehamishwa. Wao wanasema kwa usalama wangu. Vumbi, jua, wachimba dhahabu, na kila mchimbaji ana miguu miwili yenye vidonda. Dereva wa lori la mbao kutoka Mafinga kaniletea maneno ya baba yake Benedicta. Kasikia habari ya bandeji. Imefika mpaka Igowole, na huko wameongeza kwamba mzee alikuwa uchi. Kasema hata hivyo atangoja mwaka mmoja. Benedicta ndiye aliyemlazimisha. Nilimrudishia dereva salamu nikageuka upande, jua lilikuwa kali machoni.

Basi sishindwi. Mwaka ujao kuna nafasi nyingine. Padri anasema nitakuwa na thelathini, mama ana zake, na sasa mimi nina hesabu yangu ya tatu: ishirini na nane.

Daktari wa huku anakuja kukagua Ijumaa. Nimeshapata mgonjwa wa kitandani, mzee mmoja kutoka Tukuyu aliyefuata wanawe machimboni. Kidonda kizuri kuliko cha kwanza. Wanawe wameoa, na wake zao wamekubali kuja wote na watoto.

Nimelitafakari sana kosa la mlimani. Usiku na mchana. Nimeligundua, na halikuwa langu, lilikuwa la fundi aliyejenga.

Madirisha yale yalikuwa makubwa mno. Ya hapa nimeshayapigilia misumari.