Duara Kichwani pa Kivuli Changu

Jumatatu, 3 Juni

Leo nimeona kifo changu. Kina rangi nzuri.

Nilifika kitaluni jua linachomoza, Kijino mgongoni, mimi mwenyewe nusu nimelala. Usiku kucha binti yangu huyu alilia kwa ajili ya jino lake la pili, lile linalokataa kutoka. Kazi yetu ni kumwagilia miche kabla jua halijawa kali, tukianzia ngazi ya juu kabisa, kule ukingoni. Bonde lote la chini lilikuwa limejaa ukungu, mweupe, umelala kama unga kwenye sinia.

Nikavuta mpira wa maji, jua likawa nyuma yangu. Pale juu ya ukungu kivuli changu kimesimama, kirefu kama nguzo ya umeme. Na kichwa chake kimezungukwa na duara! Buluu kwa ndani, kijani, manjano, nyekundu kwa nje. Nikainama, nalo likainama. Nikakimbilia kwenye miche ya mipera. Likanifuata.

Kijino alikuwa nundu tu mgongoni. Duara lilikuwa langu peke yangu. Nimetiwa alama.

Nilimwambia baba Kijino alipotoka kuoka mikate. Akasema ni usingizi tu, nikalale. Kisha akalala yeye.

Nikifa, Kijino atachukuliwa na mama mkwe. Anamtaka tangu azaliwe. Anasema nyumba yetu ina unyevu na mtoto si uyoga.

Jumanne, 4 Juni

Nimefunga kilemba kingine ili duara lisinijue. Nimetembea kinyumenyume. Bado ni mimi.

Jioni nikaanza mpango wa kwanza: kumzoesha Kijino maisha bila mama. Nikampa maziwa kwenye kikombe. Akaking'ata kwa jino lake moja, akakitupa chini ya meza. Nikakiokota. Akakitupa. Nikamwambia kwa ukali kwamba dunia haina huruma, mwanangu, shika kikombe. Akanitazama, akacheka, akavuta blauzi yangu.

Nikamnyonyesha. Nikalia kidogo, upande, asione.

Jumatano, 5 Juni

Mpango wa pili. Duara hukaa kwenye kichwa kimoja. Basi lihamie kingine.

Nimemchagua mwenzangu wa kazi, tunayemwita Mama Mpira kwa sababu mpira wa maji hautoki mkononi mwake. Sina ubaya naye. Ila watoto wake wana ndevu, wangu ana jino moja.

Nikamwazima kilemba changu kile cha Jumatatu, maana labda duara linanijua kwa kilemba. Nikamsimamisha mahali pangu, nikajibana ubavuni mwake. Nikamuuliza kwa upole kama anaona chochote huko chini.

Akaachia mpira. Sijawahi kumwona akiachia mpira. Viatu vyangu vikajaa maji.

"Dada," akasema, "mbona limekaa kichwani kwangu?"

Nikatazama. Kivuli chake kilikuwa na kichwa kitupu, bila duara. Duara liko palepale, kwangu! Nikaelewa kwamba ananidanganya kwa huruma. Nikamshukuru, nikamwambia asijisumbue, nimeshajua ni langu. Akasema mimi ndiye ninayemdanganya yeye. Tukabishana nani anakufa mpaka miche ikakauka. Akaenda nyumbani na kilemba changu kichwani.

Alhamisi, 6 Juni

Mama Mpira hakuja. Mpira wote wangu, na sina raha.

Ukungu ulipanda mpaka karibu na miguu yetu. Jua lilipopenya kidogo, ukatokea upinde mkubwa, mzima, kutoka huku mpaka kule, lakini mweupe. Upinde wa mvua uliofuliwa mpaka ukachuja. Mtu akishatiwa alama, kinachofuata si ndiyo sanda?

Nimerudi nyumbani nimemkuta mama mkwe amekaa kitandani kwangu na begi lake. Mwanawe amemweleza kwamba ninaona mambo. Amekuja kumchukua Kijino, mpaka nitulie. Wanaondoka Jumamosi. Nikasema mtoto bado ananyonya. Akasema kuna vikombe. Kijino akamcheka, msaliti huyu.

Kumbe hata kufa sijafa na mtoto anakwenda!

Mpango wa tatu: kesho nampeleka mama mkwe ukingoni. Simwombei mabaya. Naomba kaduara kadogo tu, ka kumtisha, arudi kwake na begi lake na mikono mitupu.

Ijumaa, 7 Juni

Alikuja na mkoba, kama anayekwenda harusini. Nikamsimamisha. Nikamwambia atazame ukungu.

Akatazama sana. Halafu akakaa chini, juu ya miche ya mipapai.

"Mwanangu," akasema, "nimeitwa."

Akanishika mkono. Hajawahi kunishika mkono. Akasema akishaondoka nisimwache Kijino asahau sura yake. Nikatamani kumwambia kwamba aliyeitwa ni mimi, maana kwangu duara lilikuwa palepale, lakini nikauminya tu mkono wake. Kidogo nilifurahi. Kisha nikaona aibu. Kisha nikaogopa upya.

Msimamizi wa kitalu akaja mbio kwa sababu ya mipapai. Aliposikia habari yenyewe akacheka mpaka akashika kiuno. Akasema kila mtu huona la kwake. Jua likiwa nyuma na ukungu mbele, matone hurudisha mwanga kwenye macho ya anayetazama, kwa hiyo hawezi kuona duara ila kwenye kichwa cha kivuli chake mwenyewe. Yeye huona lake kila msimu wa ukungu, na bado yupo, na mama naomba uinuke kwenye mipapai.

Mama mkwe alimuuliza mara ya pili, ya tatu, ya nne. Jioni akafungua begi, akatundika nguo zake. Hamchukui mtoto. Anasema aliyeponea chupuchupu hagawi familia. Kijino amelala mapajani mwake.

Jumamosi, 8 Juni

Nimelala! Nimeelewa kila kitu. Duara ni mwanga na matone, halimdhuru mtu.

Asubuhi nilisimama ukingoni bila woga, Kijino mgongoni. Nikalisalimia duara langu. Mama Mpira nilikuwa nimeshamweleza, akarudisha kilemba na kuuchukua mpira. Nilikuwa mwanamke mtulivu.

Ndipo Kijino akatoa mkono juu ya bega langu, akaonyesha ukungu kwa kidole, akacheka.

Anacheka nini?

Kila mtu huona la kwake. Msimamizi mwenyewe kasema. Basi Kijino naye anaona la kwake. Analo! Analo tangu Jumatatu, na mimi mama yake nilikuwa nimeshughulika na langu.

Nilikimbia mpaka nyumbani. Nilimweleza mama mkwe, ambaye jana alisikia maelezo yote kwa masikio yake. Hakubisha hata kidogo. Aliingia jikoni, akatoka na sufuria, akamvika mjukuu wake kichwani. Likamfunika mpaka kidevuni. Tukajaribu dogo, lile la maziwa, lenye mpini. Limemkaa vizuri kabisa. Ni mara ya kwanza mimi na mama mkwe tunakubaliana jambo.

Jumatatu Kijino anakuja kazini na sufuria lake. Mama mkwe anasema mpini uelekee nyuma, duara lisipate pa kushika.