Hadithi ya Saba na Gundi Isiyokauka

Jumapili, 2 Machi

Ameshinda tena. Mfamasia! Jana, kwenye chama chetu cha wasomaji, nilipendekeza riwaya niipendayo, ile ya mpima ardhi, kurasa mia sita na kumi, kwa mara ya tatu katika miaka mitatu. Ikapata mikono miwili. Wa kwanza wangu. Wa pili wa mke wangu, ambaye alieleza kwamba alikuwa anafukuza nzi. Mkono wake ukahamishiwa upande wa pili. Saba kwa mmoja.

Yeye kapendekeza riwaya ya hadithi saba zilizoshikana. Alisimama na koti lake jeupe (Jumamosi jioni, duka limefungwa, koti la nini?) akasema kila hadithi ina mtu wake na nyumba yake, ila kuna ufunguo mmoja unaopita mkono hadi mkono, na hakuna ajuaye unafungua nini mpaka hadithi ya mwisho. Mke wangu akaegemea mbele kusikiliza. Miaka kumi na tisa ya ndoa, sijawahi kumwona akiegemea mbele kwa ajili yangu.

Mkunga mstaafu, mwenyekiti wetu, akatangaza: riwaya ikipendwa, mfamasia atachagua vitabu vya rafu mpya ya chumba cha kusomea kwa mwaka mzima. Isipopendwa, tunapiga kura upya tarehe 22.

Isipopendwa! Nimelishika neno hilo.

Jumatatu, 3 Machi

Nakala ni moja na sisi ni wanane. Kwa hiyo, kama kawaida, kitabu kimeletwa kwangu karakanani. Mimi ndiye fundi wa kujalidi vitabu. Nafungua mgongo, nashona kila sehemu kivyake na kuitia jalada jepesi, wenzangu wanabadilishana, mwisho wa mwezi narudisha kitabu kizima. Ni kazi pekee wanayonisifia.

Wazo limenijia nikikata uzi. Ni zuri mno. Ilibidi nikae chini.

Jumatano, 5 Machi

Nimegawa sehemu sita. Ya saba, nimewaambia, gundi haijakauka.

Iko nyumbani, ndani ya kitabu changu cha mpima ardhi, baada ya ukurasa wa thelathini, nimeishikiza kwa mishono miwili. Hakuna mahali salama zaidi. Katika nyumba hii hakuna aliyewahi kuvuka ukurasa wa tisa.

Hadithi sita bila mwisho! Watachoka, watakasirika, watamlaani mfamasia. Mimi mwenyewe sijasoma hata mstari mmoja wa riwaya ile. Nina msimamo.

Jumanne, 11 Machi

Mambo yanakwenda mrama. Hawajakasirika. Wamepagawa! Fundi umeme, mwanachama mwenzetu, kaja karakanani mara mbili kuulizia gundi. Ana hakika ufunguo ni wa sanduku la mita. Mkunga anasema ni wa kabati la nguo za mtoto. Duka la dawa limejaa watu wanaobishana, na nusu yao hata si wanachama.

Nyumbani, mke wangu kamaliza sehemu tatu kwa siku sita na kuunguza sufuria mbili. Wakati wa kula akaniuliza mimi nadhani ufunguo unafungua nini. Nikasema haufungui kitu. Akasema basi atamuuliza daktari. Daktari! Mtu anauza dawa ya kikohozi!

Roho iliniuma hadi nikaomba sahani ya pili.

Ijumaa, 14 Machi

Mfamasia kaja karakanani. Kaniletea feni. Feni yake mwenyewe, kaing'oa kwenye kaunta yake. Akasema pole sana kaka, mvua hizi zinasumbua gundi, labda upepo utasaidia. Akaiwasha, akanielekezea, akaenda zake.

Nimekaa mbele ya feni hiyo mchana kutwa. Upepo wake ni mzuri. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Alhamisi, 20 Machi

Mke wangu kaniuliza kwa nini nimenuna wiki tatu. Nikasema kazi. Akasema au ni kwa sababu sijawahi kumaliza kitabu chako, baba watoto? Nikasema haidhuru, kwa sauti ya mtu ambaye inamdhuru sana. Akatazama rafu. Mimi nikaenda kuoga.

Mpango wa Jumamosi: nitasimama kwa huzuni, niseme gundi imeharibu sehemu ya saba. Kisha taratibu, bila pupa, nitamtaja mpima ardhi.

Jumamosi, 22 Machi

Niandike haraka kabla sijabadilisha mawazo.

Kabla sijasimama, mke wangu akaomba kusema. Mkononi alishika mpima ardhi! Moyo wangu uliruka. Akasema amekuwa akinidharau, kwa hiyo juzi aliamua kuanza kitabu changu, akafika kurasa thelathini. Akasema katika kurasa hizo mpima ardhi anapima kiwanja kilekile, lakini alijikaza kwa ajili yangu. Na mara baada ya ukurasa wa thelathini akakuta jambo lililomliza.

Nilisimama. Sikuweza kujizuia. Niliwaambia hicho ndicho nilichokuwa nikiwaambia miaka mitatu. Nikasema sehemu hiyo naijua kwa moyo.

Akaniomba basi niwasimulie. Nikasema mpima ardhi analia.

Akafungua kitabu, akasoma kwa sauti. Mjane mmoja ameketi nyuma ya mlango. Anasikia ufunguo ukigeuzwa kwenye kitasa.

Fundi umeme ndiye aliyeshtuka kwanza. Akasema huyo ni mama wa hadithi ya pili! Kisha wote wakageuka kunitazama. Mkunga, mtu aliyezalisha nusu ya mtaa, kanitazama juu hadi chini. Mke wangu hakunitazama kabisa.

Mfamasia kauliza jambo moja tu: je, feni ilisaidia? Naapa, hakukejeli. Heri angekejeli.

Hukumu: rafu ni yake, mwaka mzima. Mimi nishone kitabu upya, chote, bila malipo. Na riwaya ijayo wataniletea vilevile, kwa kuwa hakuna fundi mwingine.

Jumapili, 23 Machi

Mke wangu haongei nami. Nimeshinda karakanani nikishona. Nikasoma hadithi ya saba, ili tu nijue nimeaibishwa kwa kitu gani. Mlango wa mjane haukuwa umefungwa. Miaka yote hiyo angeweza kuingia yeyote, kwa kuusukuma tu na kuuliza hali. Nililia kidogo. Harufu ya gundi. Sijaona hadithi hiyo inamfundisha mtu nini.

Nilikuwa nimekata tamaa kabisa, mpaka nikiwa nashona sehemu ya nne ndipo nikalifikiria vizuri. Kurasa thelathini! Mke wangu kasoma kurasa thelathini za mpima ardhi, na hakuna aliyemlazimisha!

Riwaya mpya ya mfamasia inaletwa kesho. Wanasema nayo ina hadithi zilizoshikana. Ya mwisho nitaiweka baada ya ukurasa wa sitini.