Ziwa la Nyota, Njia ya Kapalamsenga

Gelasius hakuwa mwizi, na mtu akimwita hivyo aliumia kweli. Yeye alijiona mtu wa kuwapa watu kile walichokwisha kukitamani wenyewe, kisha kuondoka kabla hawajakitazama vizuri. Kazi hiyo ilitaka shati lililopigwa pasi na masikio makubwa. Masikio yake aliyapeleka kila siku saluni kwa Pelagia, pale Makanyagio mjini Mpanda, alikoingia asubuhi kuchaji simu na kutoka mchana.

Siku moja ya mwezi wa tano akakuta saluni nzima imeinamia simu moja. Katarina, mke wa mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alikuwa amekwenda matembezini huko kaskazini, kwenye mji wa milimani wenye ziwa, na picha zake zilikuwa zimefika kabla yake. Katarina kando ya maji. Katarina kwenye misonobari, ukungu nyuma yake. Hakuna aliyelizungumzia ziwa. Wote walikuwa wakitazama sweta. Mpanda mtu huvaa sweta akiwa na malaria, na hapa kulikuwa na mwanamke mzima, mwenye afya yake, ndani ya sweta la rangi ya maziwa.

Pelagia alisema taratibu kwamba naye angependa kusikia baridi kama ile, mara moja tu maishani, apigwe picha. Mteja mmoja akamkumbusha kuwa Ziwa Tanganyika si mbali, ukipanda gari asubuhi unafika Kapalamsenga mchana. Pelagia akamtazama kama mtu aliyetukanwa kanisani. Kule ni joto na dagaa, akasema, na nani anakwenda kupigia picha dagaa.

Gelasius akachomoa simu yake kwenye umeme.

"Kumbe nyie hamjaambiwa habari za Ziwa la Nyota?" akauliza.

Hata yeye alikuwa hajaambiwa. Jina lilimjia kati ya soketi na mfuko wa suruali. Lakini jina likishapatikana mengine hufuata, na kabla Pelagia hajamaliza kumsuka mteja mstari mmoja, ziwa lilikuwa tayari lina historia. Liko juu milimani, alisema, njia hiyohiyo ya Kapalamsenga. Zamani za mababu nyota ilianguka ikachimba shimo, maji yakapanda yenyewe. Wajerumani walikuja kulipima kwa kamba, kamba ikaisha, wakaondoka kwa aibu. Na baridi yake, jamani, ukilala huko bila sweta asubuhi unaanuliwa kama nguo iliyoganda.

Maji yenyewe yalikuwepo, tumpe haki yake. Mwaka uliopita lori alilokuwa amelidandia liliharibika katika milima ile, akapanda juu kutafuta mtandao, akakuta bwawa la kunyweshea ng'ombe limelala katikati ya vilima kama uji kwenye bakuli. Ng'ombe walikuwa wamelizunguka mpaka maji hayaonekani. Gelasius hakuona shida. Ng'ombe huhama.

Ndani ya wiki moja begi lake dogo la kiunoni lilinenepa kwa michango ya safari. Wauza mitumba wa sokoni, waliokuwa wamekata tamaa na masweta, waliyafukua kutoka chini kabisa ya marobota. Kwenye safari aliingia hata Onesphore, muuza vitenge wa Majengo, mzaliwa wa Katumba, mtu mwenye tabia ya kuuliza swali baada ya kupewa jibu. Alitoa mchango kwa sababu mkewe alikuwa ameshanunua sweta, na sweta likishanunuliwa ndani ya nyumba lazima lipate mahali pa kwenda.

Mpango ulikuwa mwepesi. Awafikishe, wayaone maji, waanze kupigana picha. Wakiwa wamenoga, yeye ateremke barabarani, adandie lori la kurudi mjini, na jioni awe ndani ya treni ya Tabora na begi lake kiunoni.

Siku mbili kabla ya safari alipanda kumwona mwenye bwawa. Alikuwa mjane aitwaye Nyamizi, Msukuma ambaye ukoo wake ulishuka na ng'ombe kutoka kaskazini miaka mingi nyuma. Gelasius alimwamkia kwa adabu zote, akamweleza kwamba wanakuja wataalamu wa maji kukagua, na kwamba wataalamu hao hawapendi kabisa kuona ng'ombe. Nyamizi alimsikiliza huku akisuka maziwa kwenye kibuyu. Aliuliza kama wataalamu wanakula nyama. Aliuliza kama wanakunywa maziwa. Gelasius akasema wataalamu wanakula kila kitu. Basi mama akakubali, hakuuliza zaidi, na Gelasius akateremka mlima akimwonea huruma kidogo.

Jumamosi kosta ilipanda milima na watu wake wakiimba. Walipotokea juu, wimbo ukakatika. Ukungu ulikuwa bado umekalia maji. Majani mabichi yalishuka mpaka ukingoni, bata maji wawili walikuwa wakikata katikati bila haraka, na upepo ulikuwa wa baridi kweli, baridi isiyotaka ushahidi. Gelasius mwenyewe alisahau kufunga mdomo. Kisha akakumbuka kazi, akapanda juu ya jiwe, akaanza habari za nyota.

Alikuwa amefika kwa Wajerumani alipomwona Nyamizi. Alisimama nyuma ya watu pamoja na mwanawe Luhende, jitu la mabega mapana, na alikuwa ameinamisha kichwa upande, akisikiliza historia ya bwawa lake kwa makini sana. Gelasius akafupisha Wajerumani. Haikusaidia, kwa sababu Onesphore alikuwa ameshageuka.

"Samahani mama," akasema Onesphore. "Wewe ndiye mwenyeji wa huku. Hii habari ya nyota ni ya kweli?"

Watu wote wakageuka. Gelasius alihisi jasho likimtoka ndani ya baridi ile, jambo ambalo hakuwahi kujua kuwa linawezekana. Aliangalia barabara. Ilikuwa mbali, na Luhende alikuwa katikati. Nyamizi alifuta mikono kwenye kitenge chake, mkono wa kwanza, kisha wa pili, akimtazama Gelasius muda wote.

"Ni kweli," akasema. "Ilianguka pale penye majani marefu. Ila huyu kijana amesahau kuwaambia desturi. Anayeleta wageni ziwani ndiye baba yao siku hiyo. Wakila, wakinywa, ni juu yake."

Watu wakapiga makofi. Pelagia alisema hajawahi kuona safari yenye heshima namna hii. Gelasius akatabasamu kama mtu anayetolewa jino bila ganzi.

Mbuzi wa kwanza alikuwa tayari motoni. Wa pili alikuja akivutwa kwa kamba. Maziwa mgando yalifuata, kisha mahindi ya kuchoma, kisha mikeka ya kukalia, kwa maana wageni wa baba fulani hawawezi kukaa chini kama kuku. Kila kitu kilikuwa na bei, na bei zilikuwa za milimani. Gelasius alimsogelea mama akamnong'oneza kuwa mbuzi mmoja angetosha. Nyamizi hakubishana. Aligeukia watu, akapaza sauti.

"Ndugu zangu wataalamu, kuhusu ile nyota..."

Zipu ya begi ikafunguka. Pelagia, ambaye hakuna aliyewahi kumwita mtaalamu, alinyoosha sweta lake na kukaa wima zaidi.

Baada ya chakula Gelasius alisema anateremka kidogo kutafuta mtandao. Luhende akainuka amsindikize, maana si adabu baba wa wageni kutembea peke yake porini. Waliteremka pamoja, wakapandisha pamoja, na mtandao haukupatikana. Alipigwa picha na kila mtu. Kila alipotabasamu begi lilikuwa limepungua kidogo, hadi jioni likalala kiunoni bapa kama chapati.

Watu walipokuwa wakipanda kosta, alimfuata Nyamizi zizini na kumuuliza kwa nini hakumuumbua tu.

"Ningekuumbua ningepata nini?" akasema mama. "Wangerudi mjini na hasira, na mbuzi wangu wangebaki hapa wananitazama. Hilo shimo, mwanangu, tulilichimba mimi na marehemu mwenzangu, kwa majembe, mwaka wa ukame. Mikono yake iliota sugu ambazo alizikwa nazo." Akafunga lango la zizi. "Lakini nyota yako nimeipenda. Pelagia amechukua namba yangu, wanakuja tena na wengine. Njoo usimulie. Nitakulipa maziwa."

Kosta iliingia Mpanda treni ikipiga honi ya kuondoka. Gelasius aliisikiliza hadi ikapotea, akiwa amebanwa kati ya masweta mawili yenye usingizi.

Alikwenda. Mwanzoni alijiambia ni mara moja, mpaka apate wazo lingine. Lakini wageni waliongezeka, mama akajenga vibanda, na kila wikendi mtu wa kupanda juu ya jiwe alikuwa ni yeye, kazi ya kwanza katika maisha yake ambayo hakuikimbia jioni yake. Wakati mwingine, wageni wakiwa wachache, alimwona Nyamizi amekaa peke yake ukingoni, akitazama maji kama mtu anayesubiri kujibiwa.

Basi siku moja, labda ni baridi, aliacha nyota. Mbele ya wageni kutoka Sumbawanga akasema kwamba hapa palikuwa pakavu, kwamba mtu na mkewe walichimba kwa majembe ya mkono, udongo wakaubeba kichwani, ng'ombe wakapona. Aliyasimulia hayo vizuri kuliko alivyowahi kusimulia kitu chochote.

Wageni walitazamana. Kisha mzee mmoja akacheka, na wengine wakafuata. Shimo lote hili, watu wawili, kwa jembe? Wakamwambia wao si watoto, awaheshimu, awape ile ya nyota waliyoifuata.

Gelasius akamtafuta Nyamizi kwa macho. Alikuwa amesimama na kibuyu mkononi, amefunika mdomo kwa kitenge, na haikujulikana analia au anacheka. Jioni alimpimia maziwa kama kawaida, kisha akaongeza mengine hadi yakamwagika. Na alipokuwa akimkabidhi, alimwambia asirudie tena, atawaharibia biashara.