Kikohozi cha Mpiga Piano

Jumanne, 4 Juni

Suruali ya mwalimu mkuu imeharibika. Mguu wa kushoto nimeushona ukaziba chini kama foronya. Kosa si langu. Redio ilikuwa inapiga solo ya drams, na mguu wangu ukiwa kwenye pedali ya cherehani haujui kumkatalia mpiga drams. Akienda mbio, nami naenda mbio. Alipotulia, suruali haikuwa na pa kutokea.

Mwalimu mkuu alikuja saa sita. Akaingiza mguu, ukafika mwisho wa safari, akaniangalia. Nikamwambia ni mtindo mpya wa kuzuia mbu. Hakucheka. Kanipa mpaka Ijumaa.

Jioni mama watoto akanipa habari huku anakunja nguo. Kaka yake anahama. Anakwenda kuishi kwa binti yake, mji wa mbali, siku nzima kwa basi. Anaondoka Jumatatu asubuhi. Nikasema safari njema. Mama watoto akasema nina roho ngumu. Sina. Niliinamia sahani ili asinione uso.

Niandike tu, maana humu hakuna anayesoma. Shemeji ndiye aliyenitia kwenye jazi. Miaka kumi na minane, kila Jumapili saa kumi alasiri, tumekaa sebuleni kwake kusikiliza kipindi cha jazi redioni, kisha gramafoni yake mpaka giza liingie. Kiti changu kiko kuliani kwake, kwa sababu sikio lake la kushoto halisikii. Sasa ni mwezi wa nane hatusemezani. Sababu ni kikohozi.

Jumatano, 5 Juni

Kuhusu hicho kikohozi. Shemeji ana santuri moja ya bendi ya watu watano. Zipo rekodi nyingi ninazozipenda. Kuna ile ya mwanamama anayeimba akichelewa kidogo kila mstari, kama mtu aliyerudi kuhakikisha amefunga mlango. Kuna ile ya tarumbeta iliyozibwa mdomo, inayosema kama mtu aliyejifunika shuka. Lakini hakuna inayoifikia hii. Katikati ya wimbo wa pili, saksafoni ikiwa inashuka taratibu, mtu anakohoa. Mara moja, kikavu. Wakaacha vivyo hivyo.

Nakipenda kikohozi kile kuliko saksafoni yenyewe. Kinaniambia kulikuwa na chumba, na watu, na mmoja wao alikuwa na mafua akaja kazini hivyo hivyo.

Mimi nasema ni mpiga piano. Shemeji anasema ni mpiga besi. Tulibishana miaka yote kwa raha zetu. Siku ile nikapitiliza. Nikamwambia mwenye sikio moja anasikia nusu ya muziki, asinifundishe mimi. Shemeji akainua sindano kwenye santuri, akaenda kunifungulia mlango. Mpaka leo nikiikumbuka sura yake nakosea kukata kitambaa.

Ningemwomba radhi. Ila nikiomba radhi, ataona besi imeshinda. Kwa hiyo nina mpango. Nitamwandikia mtangazaji wa kipindi, aamue hewani Jumapili kwamba ni piano. Shemeji atasikia. Mimi, nikiwa mshindi, nitakwenda kumsamehe kabla hajaondoka. Kila mtu ataridhika.

Alhamisi, 6 Juni

Barua tayari. Tatizo lilikuwa moja tu: nani atamwamini fundi cherehani? Nimeandika kama daktari bingwa wa kifua, miaka thelathini kazini. Nimeeleza kwamba kikohozi kile ni cha mtu aliyekaa, mabega yameinama mbele, kama wakaavyo wapiga piano. Mpiga besi husimama, kwa hiyo kikohozi chake hutoka kirefu. Nilipoisoma tena, hata mimi nilishawishika.

Mama watoto alichungulia begani kwangu. Akauliza udaktari nimeanza lini. Nikamwambia asiingilie mambo ya kitabibu. Akasema kwenda kwa kaka yake ni dakika sita kwa miguu, na kwenda kituo cha redio ni saa nzima. Ni kweli. Lakini hoja ya mabega hakuijibu.

Ijumaa, 7 Juni

Nimeipeleka kwa mkono wangu. Mlinzi wa kituo akauliza inatoka kwa nani. Nikasema kwa daktari, ambaye ni mimi. Akaitazama futi ya kupimia iliyokuwa inaning'inia shingoni mwangu. Nilikuwa nimeisahau. Akauliza kama siku hizi mioyo inapimwa kwa inchi. Kisha, kwa kuwa ni daktari, akanionyesha goti lake. Nikamshauri asipige magoti.

Niliporudi, mwalimu mkuu alikuwa ameshakuja, amekuta kibanda changu kimefungwa, ameondoka. Koti la Shemeji bado liko msumarini nyuma ya mlango. Aliliagiza kabla ya ugomvi. Lina mkono mmoja. Sijawahi kuwa na moyo wa kulimaliza, wala wa kuliondoa pale.

Jumapili, 9 Juni

Nimeaibika.

Mama watoto alikuwa kwa kaka yake anasaidia kufunga mizigo. Mimi kibandani peke yangu, redio juu ya meza ya kukatia. Saa kumi na nusu mtangazaji akasema ana barua mbili juu ya wimbo mmoja. Ya kwanza ni ya daktari wa kifua. Akaisoma yote. Alipofika kwenye mabega akacheka mpaka akaomba maji. Kisha akasema bahasha ya daktari ina kipande cha uzi wa bluu, na nyuma ya barua pameandikwa: mwalimu mkuu, kiuno, inchi arobaini na nne.

Nilikuwa nimeandika nyuma ya karatasi ya vipimo.

Sikupata nafasi ya kujificha, maana akaanza kusoma ya pili. Ni ya mzee anayehama kesho. Mzee anasema ana sikio moja tu linalosikia, na kwa miaka kumi na minane upande wa sikio hilo amekaa shemeji yake, fundi cherehani. Anaomba wapigiwe wimbo wenye kikohozi. Fundi aambiwe kwamba vitu vyote vimefungwa kamba isipokuwa kiti chake. Na aambiwe kwamba aliyekohoa ni mpiga besi.

Mtangazaji akasema nani alikohoa yeye hajui, na jalada la santuri halisemi. Wimbo ukaanza.

Wimbo ule ni dakika tisa. Kwenda kwake ni dakika sita. Nilitoka bila kufunga mlango, futi shingoni. Kwa kinyozi redio ilikuwa ikipiga wimbo wetu, nikakimbia mbele ya saksafoni. Kikohozi kilinipita njiani, sikukisikia.

Nilimkuta kati ya maboksi, macho amefumba, redio miguuni, kiti changu tupu kuliani kwake. Nikataka kusema. Pumzi ikanikatika, nikakohoa. Shemeji, macho yamefumba vilevile, akasema hicho nacho ni cha besi.

Nikakaa. Wimbo ulipoisha nikamwomba radhi kwa lile neno la sikio. Nikalisemea kwenye sikio zima ili asinifanye nirudie. Akanifanya nirudie. Nikarudia. Mama watoto akakumbuka ana kazi jikoni, na jiko lilikuwa limeshafungwa kwenye boksi.

Jumatatu, 10 Juni

Niliamka alfajiri nikashona mkono wa pili wa koti, nikiuimba wimbo wetu. Nikamkuta kituo cha basi. Koti limemkaa vizuri. Akataka kutia tiketi mfukoni, vidole vikagoma. Mfuko nimeushona ukafungika. Nilikuwa nimefika kwenye solo.

Shemeji alicheka mpaka kondakta akageuka. Nikatoa mkasi. Akanizuia, akasema atasafiri nao hivyo hivyo. Kisha akajifuta macho kwa mkono mpya wa koti, nami nikajifanya naangalia matairi.

Santuri ya kikohozi ameniachia mimi. Gramafoni ameondoka nayo. Nikamwambia nitaipigia wapi sasa. Akasema ndiyo maana, atanisubiri nayo kule.

Basi lilipoanza kusogea akatoa kichwa dirishani. Akasema kuna jambo amelinyamazia miaka yote: upande wa pili wa santuri, tarumbeta inachelewa kuingia. Nikapaza sauti kwamba haichelewi, inasubiri. Nilikuwa upande wa sikio bovu. Akanipungia mkono akitabasamu, basi likakata kona. Nimelia kidogo. Vumbi pia lilikuwepo.

Jumatano, 12 Juni

Mwalimu mkuu amekuja. Kiuno chake amekisikia redioni, na shule nzima imekisikia. Nimeahidi suruali mbili. Nimempima upya. Sasa ni arobaini na tano.

Siku mbili sijalala vizuri. Tarumbeta haichelewi. Inasubiri. Mama watoto amebandika ukutani anwani ya kaka yake, akasema nimwandikie tu. Nitamwandikia. Lakini ubishi huu unahitaji mtu wa kuaminika, na neno la fundi cherehani halitaumaliza. Nimeshaianza barua kwa mtangazaji: mimi ni mkuu wa stesheni ya reli, miaka thelathini kazini, na kuchelewa nakujua.

Karatasi safi zimeisha. Nimeandika nyuma ya vipimo vya mwalimu mkuu.